Sengu na Semina: Rasimu ya Mwanasheria Isomwe Litembo



Babu yangu alikula sengu. Kila nyumba ya ukoo ilipeleka chakula kwa mzee, watu wakala pamoja, na mikono ilipokwisha kunawiwa yakaanza mazungumzo: mpaka wa shamba, mahari, kijana aliyevunja adabu. Neno la mtu mmoja lilipimwa na wenzake kabla halijawa uamuzi. Nilipoingia semina yangu ya kwanza ya walimu wa sheria, mwenzetu mmoja aligawa makala ambayo hajaimaliza, akaketi kusikiliza tukimkosoa. Nikajisemea, hii ni sengu, kimepungua chakula tu.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Vitabu vilikuwa vya Uingereza. Walimu kama William Twining, Patrick McAuslan na Yash Ghai walikuta nchi yenye mahakama, mila na sheria za Kiislamu ambazo hazikuwa na kitabu cha kufundishia, kwa hiyo iliwabidi waandike huku wanafundisha. Mwaka 1968 likaanza jarida la Eastern Africa Law Review. Lilizaliwa na watu waliokubali kusomeana.

Semina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haikufanyika Mlimani, chuoni Dar es Salaam. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, aliyekuwa akifundisha kitivoni hapo tangu 1970. Tume ilizunguka mikoani ikasikiliza wakulima na wafugaji katika mikutano ya hadhara. Ikapendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yasiwe mikononi mwa Rais, na ardhi ya kijiji iwe ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali. Aliyeitwa kuandika muswada ni McAuslan, yule yule mwalimu wa Lumumba, na Shivji akaupinga hadharani, kwa makala na kwa kitabu. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 zilipitishwa 1999, zikaanza kutumika Mei 2001.

Mimi nasimama upande wa Tume. Lakini ninachokienzi zaidi ni kwamba wasomi wawili wa kitivo kimoja waligombana kwa hoja mbele ya taifa zima, kila mmoja akiwa ameshasoma kazi ya mwenzake. Siku hizi warsha zetu nyingi zinafanyika hotelini, mtoa mada anapewa dakika kumi, watu wanasaini karatasi ya posho, na rasimu inarudi ilivyokwenda. Hilo linaniuma, maana fedha zinatumika na maarifa hayaongezeki.

Nieleze yaliyonipata. Niliandika makala juu ya umiliki wa ardhi ya mila huku kwetu Umatengo. Niliandika kwa uhakika kwamba shamba la ngoro, yaani la mashimo ya mteremkoni, ni la mume, nikataja ukoo na urithi. Katika semina, mwenzetu wa kilimo akaniuliza: ngoro anachimba nani? Sikuwa na jibu, mimi mtoto wa hapa. Nikarudi nyumbani, nikamuuliza shangazi.

“Majani anakata na kuyapanga mume wangu,” akasema. “Udongo nachimba mimi, nayafukia, napanda maharage. Hiyo sheria yako imeona nini?”

Ilikuwa imeona nusu ya shamba. Na hapo ndipo sengu yenyewe ilipokuwa na kasoro: waliopika na kuchimba hawakupewa kauli sawa na waliokula. Sheria Na. 5 imejitahidi, ikataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Semina zetu za sheria bado hazijafika hapo. Zinafanyika kwa Kiingereza, ilhali tangu 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya mahakama. Wa fani nyingine walitutangulia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto walikuja milima hii miaka ya 1990 kuyasoma mashimo ya ngoro, namna yanavyozuia mvua isibebe udongo. Sisi wanasheria tumechelewa, na tukija tunakuja kuchukua majibu, kisha makala inachapishwa mahali ambapo shangazi hataiona kamwe.

Kwa hiyo leo nimeleta rasimu mpya, kwa Kiswahili. Nakala ziko mezani, na kalamu pia. Mwenye macho yaliyochoka atasomewa na wanafunzi wangu. Ukurasa wa saba ndipo nilipoandika upya habari za nani anachimba na nani anaweza kuuza. Mama zangu, naomba tuanzie hapo, na muanze ninyi.