Kompyuta na Leja ya Chama: Rai za Karani wa Siku Nyingi

(Mazungumzo kwa makatibu na makarani wa vyama vya msingi, Msasani, Tukuyu)



Mazungumzo haya yanahusu chombo ambacho sasa kimezoeleka katika ofisi za vyama, yaani kompyuta ya mezani na programu zake za kila siku. Rai zitakazoelezwa ni za karani mmoja wa hesabu wa hapa Msasani, mtu aliyeanza kazi kwa kalamu na leja, akapitia mashine ya kupigia chapa, na ambaye amekaa mbele ya kompyuta kwa zaidi ya miaka thelathini. Si fundi wa mitambo. Hajui kompyuta inavyotengenezwa, wala hataki kujua. Lakini anajua jinsi kilo za majani mabichi ya chai zinavyoweza kupotea kati ya mizani na malipo ya mkulima, na kwa ajili hiyo maneno yake yafaa kusikilizwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba kompyuta haikuja nchini juzi. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Hivyo, wakati makarani wa Marekani walipokuwa wakijifunza VisiCalc, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1979, na baadaye Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, wenzao wa vyama vya ushirika hapa nchini walikuwa bado wakipiga mistari ya leja kwa rula. Karani huyu haoni kwamba walipata hasara tupu. Husema kwamba walipata jambo moja ambalo kijana anayeanzia kwenye kioo hulikosa: walijua kwanza leja inakataza nini.

Leja inakataza kufuta. Tarakimu iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, iliyo sahihi huandikwa juu yake, na aliyesahihisha hutia saini fupi na tarehe. Mkaguzi wa COASCO anapofungua ukurasa huliona kosa, huliona sahihisho, na huuona mkono wa mtu. Katika faili la kawaida la programu ya majedwali, ambayo wataalamu wa Kiswahili wameiita lahajedwali, 81 hugeuka kuwa 18 kwa mguso wa kidole, faili likahifadhiwa, na pasibaki alama yoyote. Hapo ndipo penye kipimo cha karani huyu. Anapoletewa programu mpya haanzi kuuliza uwezo wake. Huuliza inalitendeaje kosa.

Kwa kipimo hicho, programu ya kuandikia barua haimshughulishi sana. Barua iliyokosewa husomwa, ikaonekana, ikaandikwa upya. Lipo jambo la mistari myekundu ambayo kompyuta yenye kamusi ya Kiingereza huichora chini ya kila neno la Kiswahili, hata muhtasari wa mkutano ukaonekana kama daftari la mtoto aliyefeli. Dawa yake ni kuizima alama hiyo. Yapo pia malalamiko ya watumiaji wa zamani kwamba Microsoft, katika matoleo ya mwaka 2007, iliyaondoa majina ya orodha waliyoyazoea na kuweka utepe wa vitufe juu ya kioo. Naye alilalamika wakati huo. Sasa huona kwamba ni manung'uniko ya mtu ambaye jirani yake amehamisha mlango wa jiko: kwa wiki mbili utagonga ukuta, kisha utazoea.

Lahajedwali ni jambo jingine. Kwa maoni yake ndiyo programu bora kuliko zote zilizowahi kuingia katika ofisi ya chama, na ndiyo inayotaka ulinzi mkubwa kuliko zote, kwa sababu hukosea kimya kimya.

Mathalan, chukua namba ya simu ya mwanachama. Huanza na 0. Ikiandikwa katika kijumba cha Excel ambacho hakikutayarishwa, programu huidhani kuwa hesabu, na kwa kuwa sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu, huiondoa. Mwanachama namba 0047 naye huwa 47. Hilo hurekebishika. Lakini namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za hesabu. Zinazobaki huzigeuza sifuri. Karani aliyeandika namba za wanachama wote bila vistari vya katikati, kisha akalifunga faili, amepoteza tarakimu tano za mwisho za kila mtu, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Itampasa arudi kwenye karatasi, kama karatasi bado ipo. Kinga ni kuiambia programu mapema, kabla ya kuandika, kwamba safu ile ni ya maandishi wala si ya hesabu.

Tarehe nazo zina hila yake. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani husoma mwezi kwanza. Ukiandika 5/3, ukikusudia tarehe tano Machi, yenyewe huelewa tarehe tatu Mei. Ukiandika 13/3 hushindwa kuelewa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na huyaacha kama maandishi tu. Basi katika orodha moja ya mapokezi ya majani, siku kumi na mbili za kwanza za mwezi huweza kutawanyika mwaka mzima, na zilizobaki zisihesabiwe kuwa tarehe kabisa.

Lipo na kosa lililorithiwa kutoka kwenye mashine ya chapa. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, na wapiga chapa walizoea kuandika herufi ndogo l mahali pake, na pengine herufi O mahali pa sifuri. Kwa jicho la mtu ni sawa. Kwa programu, l8 ni neno, na kanuni ya kujumlisha hupita juu ya maneno bila kuyahesabu wala kusema lolote. Kilo 18 za mtu zimeonekana katika orodha, lakini hazimo katika jumla.

Kosa analoliogopa kuliko yote, hata hivyo, ni la kupanga majina kwa alfabeti. Mwenye haraka huchagua safu ya majina peke yake na kuamuru ipangwe. Programu huuliza kama safu za jirani zifuatane nayo. Yeye hubonyeza jibu lolote ili aendelee. Majina yanahama, kilo zinabaki pale pale. Jumla ya chama haibadiliki hata kilo moja, kwa hiyo hesabu inalingana na hati ya kiwanda, na kila mtu ofisini anaridhika. Lakini kila mkulima sasa anadai jasho la mwingine. Mjane aliyeleta majani kila wiki katika mvua za Tukuyu anapewa malipo ya mtu aliyeleta mara mbili tu msimu mzima, naye anapolalamika huonyeshwa karatasi safi iliyochapwa na mashine. Nani atamwamini mbele ya karatasi hiyo?

Wala isidhaniwe kwamba haya ni ya vyama vidogo peke yake. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya hesabu za kila siku kwa sababu taarifa zao zilipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatika.

Kutokana na hayo, karani huyu hupendelea kwamba malipo ya wanachama yatunzwe katika programu halisi ya uhasibu, na lahajedwali ibaki kwa makadirio na majaribio. Programu nzuri ya uhasibu hufuata desturi ya leja: ingizo lililokwisha kuthibitishwa halifutwi, ila huandikwa jingine la kulitengua, pamoja na jina la aliyefanya hivyo. Jaribio lake kwa muuzaji ni fupi. Humtaka afute, mbele ya Bodi, ingizo la wiki iliyopita. Likifutika bila kuacha alama, humshukuru na kumsindikiza mlangoni. Ni kweli kwamba majedwali yanayotunzwa kwenye mtandao huweka kumbukumbu za mabadiliko, na hilo ni jema mahali ambapo mtandao hautetereki. Lakini kumbukumbu hiyo haina maana ikiwa makarani wote wanaingia kwa neno moja la siri lililobandikwa ukutani.

Kuhusu gharama, hakubaliani na wanaonunua nakala za wizi kwa bei ya soda. Mara nyingi virusi huja humo humo. LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, hupatikana bure na kwa halali, nayo hutosha kwa kazi za chama cha msingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na karani huyu husikitika kwamba vyama havikuipokea kwa shauku iliyostahili. Kompyuta zilizobaki na Windows 10, ambayo ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hushauri zisitumiwe kwa malipo ya benki.

Kuhusu umeme na radi hasemi mengi, maana kila aliyeishi Rungwe anazijua. Husema tu kwamba flashi iliyowekwa katika mtoto wa meza hiyo hiyo yenye kompyuta haistahili kuitwa nakala. Nakala ikae nyumba nyingine.

Na kabla ya kila malipo, orodha ichapwe na kubandikwa katika kila kituo cha kupokelea majani kwa siku tatu, ikiwa na namba ya mwanachama na kilo zake kwa kila tarehe, maana jumla peke yake haimwezeshi mkulima kuona kosa. Mkulima aje na stakabadhi zake za mizani, alinganishe. Zikitofautiana na orodha, malipo yake yasimame mpaka daftari la mizani lifunguliwe mbele yake, na sahihisho liandikwe kwa kalamu, kwa mstari mmoja, pamoja na saini, kabla halijaingizwa katika kompyuta.