Skrubu ndogo, mapatano makubwa

Ndugu msikilizaji, leo nazungumzia skrubu. Si ya kitanda wala ya redio, bali ya bunduki ya gumegume.

Hiyo ni aina ya gobori ambayo jiwe hugonga chuma, cheche ikaangukia baruti, mzinga ukalia. Askari wa Uingereza walibeba ile iliyoitwa Brown Bess kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia 1722. Siku hizi nakala zake hutengenezwa Italia na India, na wanunuzi wengi ni watu wa Marekani na Uingereza wanaoigiza vita vya kale mbele ya watazamaji.

Jamaa yangu mmoja aishiye Marekani ni miongoni mwa waigizaji hao. Skrubu inayobana mtambo wa kufyatulia kwenye mti wa bunduki yake ilipotea. Akaenda duka la vifaa vya chuma, akapewa inayofanana nayo. Iliingia vizuri, lakini ikawa inacheza.

Kwa nini? Bunduki yake ilitoka Italia, na skrubu yake ilikuwa ya milimita 5, ambayo kutoka mkato mmoja hadi mwingine, yaani hesi, ni milimita 0.8. Ile ya dukani ilikuwa ya Kimarekani, yenye hesi 32 kwa kila inchi. Unene wake ni milimita 4.83, na nafasi kati ya hesi ni 0.79. Macho hayaoni tofauti hiyo. Vidole navyo hudanganyika.

Afadhali ingekataa kuingia! Skrubu inayocheza hulegea kila bunduki inapolia. Mtambo ukiachana na mtutu, baruti humwagika katika ufa, na moto huifuata humo. Katika maigizo hawatii risasi, ni kweli, lakini baruti ni baruti, na watoto wamesimama hapo wakitazama. Nilimshauri aagize skrubu kwa watengenezaji wa bunduki yenyewe, na ndivyo alivyofanya.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Fundi alichonga kila skrubu kwa ajili ya bunduki moja tu, na ya bunduki ya jirani haikufaa. Mwaka 1785 Mfaransa Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, vipande vya mitambo 50 ya bunduki vilivyofunguliwa. Jefferson aliokota vipande bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa kwa mikono yake, na vyote vikakubaliana. Alistaajabu kiasi cha kuandika barua kwa serikali yake.

Lakini kukubaliana ndani ya karakana moja hakutoshi. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa nchi yake. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza chake. Mwaka 1904 mji wa Baltimore uliposhika moto, wazima moto walikuja kutoka miji mingine kusaidia, ila mipira mingi ya maji haikuingia kwenye mabomba ya Baltimore, kwa kuwa hesi zilitofautiana. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Na ni mwaka 1948 tu, baada ya taabu ya vita kuu, ndipo Marekani, Uingereza na Kanada zilipotia saini kipimo kimoja cha hesi.

Nasi, ambao mashine zetu hutoka kila pembe ya dunia, tuna la kujifunza. Ukienda kununua skrubu, chukua ile ya zamani mkononi, uliza kipimo, wala usikubali neno "zinafanana". Ikianza kukaza kabla ya wakati, usiilazimishe. Utaharibu tundu, na tundu halina spea.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: na walioviunda walipatana kwanza.

Kwaheri hadi juma lijalo.