BETRI YA TREKTA WAKATI WA KIANGAZI

Leo tuache kidogo mbegu na dawa za wadudu, tuongee juu ya kitu ambacho hakioti wala hakipaliliwi, lakini kikilala, na shamba linalala. Nacho ni betri ya trekta.

Kwa ndugu zetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, habari hii si ngeni. Kazi ya kulima inakwisha, trekta linavuta tela la pamba wakati wa mavuno, halafu linaegeshwa chini ya mti mpaka mvua za Novemba. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu anataka kulimiwa siku hiyo hiyo. Mwenye trekta anapanda, anazungusha ufunguo, anasikia "tik", basi. Mwenye maksai anapita zake na plau anacheka, na ana haki ya kucheka. Pamba yetu inatakiwa ipandwe kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Ukipoteza wiki moja hapo ukitafuta betri ya kuazima, umepoteza wewe, na wamepoteza majirani wote waliokuwa wakingoja zamu yao.

Sasa, betri inakufaje hali haikutumika? Watu husema, "Mbona niliiacha nzima?" Ndugu mkulima, betri haipumziki kama jembe linavyopumzika ukutani. Ndani yake mna sahani za risasi zilizozama katika asidi, na zile sahani na asidi zinaendelea kufanya kazi polepole hata kama hakuna waya uliounganishwa. Betri nzuri katika joto la nyuzi 25 hupoteza kama asilimia 3 hadi 5 ya chaji yake kila mwezi. Kila joto likipanda nyuzi 10, upotevu huo huongezeka karibu mara mbili. Betri iliyoachwa juani, chini ya boneti la chuma, mnajua wenyewe joto lake.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao huegesha magari yao miezi ya baridi kali. Wao huogopa betri kuganda, maana betri iliyoisha chaji huganda kama maji, bali iliyojaa haigandi kwa urahisi. Kwetu hakuna barafu. Adui wetu ni joto, na pengine ni mbaya zaidi, kwa sababu hafanyi kelele.

Betri ikikaa bila chaji, sahani zake hujijengea ukoko mweupe. Ukoko huo ukiwa mchanga, huondoka betri ikichajiwa. Ukikaa miezi, unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo hata fundi hodari hawezi kukusaidia. Ndiyo maana betri iliyosahauliwa tangu Julai mara nyingi haifufuki Novemba.

Lakini niseme kweli: betri nyingi za trekta haziuawi na kiangazi. Zinauawa nyumbani. Trekta likiegeshwa, betri inafunguliwa, inaingizwa ndani iwashe taa, redio, televisheni na kuchaji simu za kijiji kizima. Betri ya trekta imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, sekunde chache za kuzungusha injini. Sahani zake ni nyembamba. Ukiikamua mpaka taa zinafifia, kesho tena na kesho kutwa tena, umeila. Betri ya taa za nyumbani ni nyingine, ina sahani nene za kazi hiyo. Anayetaka taa anunue ile.

Basi tufanyeje? Siku unapoegesha trekta, hakikisha betri imejaa. Kisha ifungue. Anza na waya wa hasi, ule unaokwenda kwenye chesisi, halafu chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, utaona cheche. Wakati wa kuirudisha, hasi iwe ya mwisho. Osha sehemu ya juu kwa kitambaa na maji yenye magadi kidogo, maana magadi huua asidi, lakini vifuniko viwe vimekazwa ili magadi yasiingie ndani. Vumbi lenye unyevu wa asidi hupitisha umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine na kumaliza chaji. Kausha, paka grisi kwenye vichwa, weka betri ndani penye kivuli na hewa, mbali na watoto. Wengine wanasema eti betri haiwekwi juu ya sakafu ya saruji, inanyonywa. Hiyo ilikuwa hadithi ya masanduku ya zamani. Haya ya plastiki hayanyonywi na sakafu.

Kila mwezi ipime. Fundi yeyote ana mita. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku mzima, husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4, ichajiwe. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0, umechelewa, kimbia.

Kama ni betri ya vifuniko, chungulia ndani kwa mwanga wa tochi, kamwe si wa kibiriti. Sahani zikionekana juu ya maji, ongeza maji yaliyokenekwa, yafunike sahani tu. Ukishachaji ndipo ujaze mpaka alama, kwa kuwa maji hupanda wakati wa kuchaji. Usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji, asidi imebaki humo humo. Maji ya kisima yana chumvi na madini, yataharibu sahani. Na tafadhali, usibebe maji hayo katika chupa iliyokuwa na dawa ya pamba.

Kuchaji: chukua kipimo cha betri, gawa kwa 10. Betri ya ampia-saa 100 ichajiwe kwa ampia 10 au chini yake. Chaji ya haraka haraka huichemsha. Ukiipeleka mjini Bariadi, Mwanhuzi au Lamadi kwa pikipiki, ifunge ikiwa wima.

Wasio na umeme, paneli ndogo ya jua ya wati 10 inatosha kabisa, mradi ipitie kidhibiti chaji. Kwenye jua la saa tano hutoa kama ampia-saa 3 kwa siku, wakati betri iliyokaa bure hupoteza chini ya hapo kwa mbali. Bila kidhibiti, itaendelea kusukuma mpaka maji yakauke. Betri iliyobaki nusu itahitaji kama wiki tatu kujaa kwa paneli hiyo, kwa hiyo usiianze Oktoba mwishoni.

Kuna wanaowasha trekta dakika tano kila Jumapili, wakazima. Hiyo haisaidii. Stata imekula chaji, na injini haikurudisha yote. Ukiwasha, liendeshe nusu saa au zaidi.

Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usivute sigara karibu, wala usiiweke jikoni. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa, kisha nenda kituo cha afya. Na betri iliyokufa usiipasue nyumbani ili kuyeyusha risasi. Risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Iuze nzima kwa anayenunua betri chakavu.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya diski za plau na namna ya kuzikagua kabla ya mvua. Kwaherini.