Ardhi Itikisikapo: Tawakali na Amana ya Ujenzi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: sisi tukaao Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila alfajiri twautazama mlima na kusahau kuwa ni volkeno. Kibo imelala, lakini katika shimo lake bado hutoka gesi yenye harufu ya kiberiti. Magharibi yetu lipo Bonde la Ufa, ambako ardhi yaachana polepole, milimita chache kwa mwaka. Miamba ishindwapo kustahimili mvuto huo, hukatika ghafula, na ardhi hutetemeka. Julai 2007 ilitetemeka huko Gelai, karibu na Oldoinyo Lengai, hata Nairobi watu wakatoka majengoni. Tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idd el Hajj, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba. Wenzetu zaidi ya 15 walifariki dunia, na nyumba nyingi zikabomoka.

Hutokea watu wakauliza: wale walitenda dhambi gani? Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtume aliwakataza. Ikiwa hakuruhusu hayo kwa mwanawe mwenyewe, sisi tunapata wapi haki ya kuwahukumu maiti wa jirani?

Swali litupasalo ni hili: sisi tumejenga vipi? Aghalabu kiuacho si mtikisiko, bali ukuta uangukao. Fundi apunguzaye saruji, na mwenye nyumba akwepaye nondo na linta ili apangishe upesi, wote wamekhini amana. Naye atakayelipa ni mtoto wa mpangaji alalaye chini ya ukuta ule. Mtume alimwagiza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Linta izungukayo nyumba nzima ndiyo kamba yetu.

Basi leo kila mzazi akague kuta zake, na kabati zito lililo karibu na kitanda alifunge ukutani. Watoto wafundishwe kukinga vichwa chini ya meza imara. Walio nje wakae mbali na kuta, nyaya za umeme na kingo za miteremko.

Ee Mola wetu, warehemu waliotangulia, na utujaalie tuwe waaminifu katika tujengacho. Amin.