Ligi na Kombe

Waheshimiwa wazee wa Kulesa, na wanachama wenzetu,

Mmetuuliza kwa nini fungu la mpira liendelee kuwamo katika hesabu za chama, ilhali vijana wetu hushindwa mara nyingi kuliko kushinda. Twaomba ruhusa tuwakumbushe habari za AFC Leopards. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, nayo haijatwaa ubingwa wa ligi tangu 1998. Mwaka 2017 uliwapata na taabu tupu: makocha walipishana mlangoni, na Gor Mahia, watani wao wa jadi, wakaondoka na ubingwa. Lakini Oktoba mwaka huo huo Leopards waliifunga Kariobangi Sharks mabao 2 kwa 0 katika fainali ya Ngao, wakapata kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2018.

Sababu yake si uchawi, kama wanenavyo wengine barazani. Ligi ile ilikuwa na timu 18, yaani michezo 34 kwa kila timu. Yadai nauli, posho na wachezaji wa akiba msimu mzima. Kombe ni michezo michache, na timu iliyo hoi yaweza kujikaza siku hizo chache. Nasi twajua: Mto Tana ufurikapo na njia ya Garsen ikakatika, vijana hupoteza pointi bila kugusa mpira.

Twaomba basi fungu lisifutwe. Mipira miwili na nauli vyatosha. Nyavu za goli tutazisuka wenyewe, maana wavuvi tunao.