Paka wa Mtaa Si Wako Peke Yako: Kabla ya Kumfunga Kizazi, Piga Hodi

Haya ni maneno aliyoyatoa mmoja wa maafisa wetu wa habari katika kikao cha wakaazi wa Mji wa Kale. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa hasira: je, naweza kumchukua paka anayezurura mtaani, ambaye si wangu, nikampeleka kwa daktari akafungwe kizazi?

Mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuuliza maswali na kuwaletea majibu. Lakini swali hili halikunifikia kwa barua wala kwa simu. Lilinikuta mlangoni kwangu, na nilikosea. Wacha niwasimulie.

Mtaani kwetu Kibokoni kulikuwa na paka jike, mweupe, mwenye baka jeusi mgongoni. Kila jioni nilikuwa nikimwekea vichwa vya samaki. Mwenye duka wa pembeni akimwita Malkia, kwa sababu alilala juu ya gunia la mchele na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Watoto wa madrasa wakimwita Pusi. Mimi sikumpa jina, ila moyoni nilimhesabu kuwa wangu kidogo. Ndani ya mwaka mmoja nilimwona na watoto mara mbili, na wengi wao hawakufika miezi mitatu. Mmoja nilimkuta asubuhi amekanyagwa na tuktuk, na nikamzika mwenyewe.

Basi nikaamua. Jumamosi moja nikatia kipande cha samaki ndani ya tenga la kuku, akaingia, nikafunga. Nikatoka naye kwenda kutafuta gari. Sikufika hata kona. Bi mkubwa mmoja, nyumba ya nne kutoka kwangu, alikuwa ameketi kibarazani kwake.

"Mwanangu, wampeleka wapi paka wangu?"

"Shikamoo, bibi. Nampeleka kwa daktari afungwe kizazi. Sikujua kama ni wako."

"Marahaba. Ungejuaje, na hodi hukupiga? Ana watoto wanne darini kwangu, nyuma ya sanduku la nguo. Hawajafungua macho. Ukenda naye mpaka magharibi, wao watanyonya nini?"

Nilifungua tenga pale pale.

Ndugu zangu, nilikuwa na nia njema, na nia hiyo njema ilikaribia kuua watoto wanne wa paka. Bibi yule hakupinga kufunga kizazi. Alichopinga ni kuchukua hatua bila ya kuuliza. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba kupiga hodi ni adabu, na tena ndiyo njia ya kujua jambo ambalo wewe peke yako hulijui.

Sasa nirudi kwenye swali. Jibu langu ni ndiyo, inafaa kumfunga kizazi paka wa mtaani asiye na mwenyewe. Lakini kwa masharti, na nitayataja.

Kwanza tujue kwa nini inafaa. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, wakati sisi bado twamwona mtoto. Hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu mpaka watano. Kutaka dume kwa paka jike hufuata urefu wa mwanga wa mchana. Katika nchi za baridi mchana huwa mfupi wakati wa kipupwe, na paka hupumzika. Sisi Mombasa tuko kama digrii nne tu kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Paka wetu hawana msimu wa kupumzika.

Nitawapa mfano wa kisiwa kingine. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa katika kisiwa cha Marion, mbali kusini mwa Afrika, ili wakamate panya katika kituo cha utabiri wa hali ya hewa. Kufikia 1977 ilikadiriwa kwamba wamefika 3,400 hivi, na walikuwa wakimaliza ndege wa kisiwani. Hatimaye walilazimika kuangamizwa wote. Kisiwa chetu si kama kile. Hapa paka wengi hufa wakiwa wadogo, kwa magari, kwa maradhi na kwa njaa. Lakini vifo hivyo visitupe faraja. Mtaa ambao idadi ya paka hupunguzwa na magurudumu si mtaa wa kujivunia.

Wako wanaosema njia rahisi ni kuwaondoa: watiwe sumu, au wachukuliwe wakatupwe ng'ambo ya feri. Sumu haichagui. Humuua paka, humuua kuku wa jirani, na huweza kumfika mtoto. Na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo. Tena hata ukiwaondoa, kilichowaleta bado kipo. Maadamu matumbo ya samaki yanamwagwa kando ya soko na taka zinalala nje usiku kucha, paka wengine watakuja kuchukua nafasi, nao watazaa. Paka aliyefungwa kizazi akirudishwa mahali pake hukaa, hulinda eneo lake, wala haongezi idadi.

Mwenye duka aliniuliza, "Akifungwa, panya atakamata nani?" Nikamkumbusha maneno ya wazee: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kufungwa kizazi hakumwondolei hamu ya kuwinda. Kwa dume, hupunguza kupigana, kulia usiku na kukojolea milango ya watu. Kwa jike, humpumzisha na mimba za mfululizo.

Wapo pia wanaouliza kuhusu dini. Wengi wenu mlifundishwa tangu chuoni kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, mpaka akafa. Kwa hiyo hakuna hapa asiyejua kwamba paka ana haki. Ama kuhusu kuhasi mnyama, wanazuoni wana maoni tofauti, na baadhi yao huruhusu pale penye manufaa na pasipo madhara kwa mnyama. Mimi si wa kutoa fatwa. Mwenye shaka na amuulize imamu wake kabla ya kumshika paka.

Sasa masharti.

La kwanza, uliza. Uliza nyumba zote za kichochoro hicho, duka la karibu, wauza samaki, na watoto, maana watoto ndio wanaojua paka analala wapi. Usipopata jibu, mfunge paka shingoni ukanda wa karatasi laini inayokatika kwa urahisi, uandike: "Huyu ni paka wako? Nipigie," na namba yako ya simu. Ngoja wiki moja. Akipatikana mwenyewe na akakataa, mwachie. Paka ni wake. Unaweza kumwambia kwa upole kwamba basi na watoto watakaozaliwa ni wake pia, lakini huwezi kumpitia nyuma.

La pili, mwangalie paka. Ikiwa ncha ya sikio moja imekatwa moja kwa moja, kama iliyonyooshwa kwa rula, huenda tayari amefungwa kizazi. Hiyo ndiyo alama inayotumiwa na madaktari katika nchi nyingi, ili jike asipasuliwe mara ya pili bure. Ikiwa matiti yamevimba na manyoya yanayoyazunguka yamelowa au yametoka, ananyonyesha. Tafuta watoto kwanza. Wakifika wiki nane hivi wanaweza kula wenyewe, na hapo mama anaweza kwenda kwa daktari. Lakini usichelewe sana, kwa sababu paka huweza kushika mimba nyingine upesi baada ya kuzaa.

La tatu, nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia kazi hiyo inataka kila daktari wa mifugo asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na wewe una haki ya kuuliza. Mtu anayekuja na wembe na kamba, bila ya dawa ya usingizi, usimpe paka hata akikwambia ni bei ya chini. Mweleze daktari mapema kwamba huyu ni paka wa mtaani, amwekee alama ya sikio na amdunge chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa bado amelala. Kenya imejiwekea mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huo, wa 2014 hadi 2030. Mbwa ndiye anayeambukiza watu wengi zaidi, lakini paka pia huambukizwa na huambukiza. Ukiumwa au kuparuzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kidonda kivimbe.

La nne, mrudishe. Dume mara nyingi huhitaji siku moja ya kutulia, jike siku kadhaa, ndani, mahali pakavu, kama daktari atakavyokuelekeza. Kisha mrudishe pale pale ulipomtoa. Paka aliyepelekwa mtaa mwingine hujikuta kwa wenyeji wasiomtaka, na mara nyingi hupotea akitafuta kwao.

La tano linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kumshika paka. Anayelisha ameshaingia katika jambo hili. Kila kichwa cha samaki nilichomwekea yule paka kilimpa nguvu ya kubeba mimba inayofuata, halafu mimi nikasikitika watoto walipokufa. Kulisha ni wema, lakini ni nusu ya wema. Kama nyumba tatu zinamlisha paka mmoja, nyumba hizo tatu zichange gharama ya daktari. Mlisheni mahali pamoja, saa moja, na mabaki yaondolewe, la sivyo mtakuwa mnawalisha panya. Kina mama wajawazito wasishike kinyesi cha paka, na sote tunawe mikono.

Na serikali je? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka huduma za mifugo na udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo mna haki ya kutuuliza. Nendeni kwa afisa wa mifugo, au kwa ofisi ya wadi yenu. Nendeni kama mtaa, mkiwa na orodha: paka wangapi, wapi, nani anawalisha. Afisa akipata orodha ana pa kuanzia. Akipata lalamiko la mtu mmoja kwamba "paka wamezidi", hana.

Nimalizie kisa changu. Tulingoja. Kati ya wale watoto wanne, wawili walipona. Mmoja amechukuliwa na mwenye duka, wa pili yuko kwa bibi. Siku ya kumpeleka mama yao, bibi mwenyewe ndiye aliyemtia ndani ya tenga, kwa sababu kwake alikuja bila ya chambo. Mwenye duka alichangia fedha za daktari, mimi nikatoa zangu, na bibi akasisitiza kulipa nauli ya tuktuk kwenda na kurudi. Niliporudi naye jioni nilisimama mlangoni na kusema, "Hodi." Akacheka, akanikaribisha.

Hivi sasa paka yule ana sikio lenye ncha iliyokatwa, na bado analala juu ya gunia la mchele. Wazee walisema paka wa nyumba hafukuzwi. Wetu ni wa nyumba nyingi, na nyumba hizo zote sasa zinajua kwamba ni wao.