Mcheza Kwao Hutuzwa: Mwanamuziki Huru na Msikilizaji Wake katika Zama za Muziki wa Mtandaoni



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtegemeza mwanamuziki huru wakati huu ambapo muziki umehamia kwenye simu. Ninaposema mwanamuziki huru, namkusudia yule asiye chini ya lebo: anajilipia studio, anamlipa prodyuza, anapandisha wimbo wake kupitia msambazaji wa mtandaoni, na hasara ikija ni yake peke yake.

Hoja yangu ni moja. Majukwaa ya muziki yamempa mwanamuziki huyu wasikilizaji wengi wanaohesabiwa lakini hawajulikani. Kinachomlisha, tangu zamani hadi leo, ni wasikilizaji wanaomjua naye akawajua, hata wakiwa wachache. Sheria zetu, programu tunazotengeneza na tabia zetu za kusikiliza zianzie hapo.

1. Fedha inavyogawanywa

Watu wengi wanaamini kwamba wakilipa ada ya mwezi, fedha yao inamfikia mwanamuziki waliyemsikiliza. Haiendi hivyo. Spotify, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2008 na kufika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021, hutoa takriban theluthi mbili ya mapato yake ya muziki kwa wenye haki. Mapato hayo huwekwa kwenye fungu moja, kisha kila mmoja hupewa kwa uwiano wa mara ambazo nyimbo zake zimechezwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Bibi mmoja wa Ng'ambo, Unguja, analipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Anasikiliza kikundi kimoja tu cha taarab, mara 100. Kijana wa Kinondoni naye analipa 5,000, na anamsikiliza nyota mmoja wa kimataifa mara 900. Jukwaa likishachukua 3,000 zake, zinabaki 7,000 za kugawa. Nyimbo zimechezwa mara 1,000, kwa hiyo kila mara ina thamani ya shilingi 7. Kikundi cha taarab kinaambulia 700, nyota anapata 6,300. Lau ada ya kila msikilizaji ingemfuata yule aliyesikilizwa, kikundi kingepata 3,500. Shilingi 2,800 za bibi zimekwenda kwa mtu ambaye bibi hajapata kumsikia maishani.

Na hizo 700 bado hazijafika mfukoni. Msambazaji ana chake, na kikundi cha taarab kina wapigaji na waimbaji hata ishirini. Isitoshe, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haukuchezwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Fungu la nyimbo hizo hugawiwa waliovuka kizingiti.

Hapa kwetu kuna jambo jingine zito zaidi. Wengi wetu hatulipi ada ya mwezi kabisa. Tunasikiliza bure, matangazo yakipita katikati, na mapato ya matangazo katika soko letu ni madogo yakilinganishwa na ya Ulaya au Marekani. Fedha tunayoitoa mfukoni ili tusikilize ni ya bando, na bando ni la kampuni ya simu. Msikilizaji anaona amelipia muziki, na kweli ametoa fedha. Mwanamuziki hakuiona.

Je, tubadili tu namna ya kugawa? Wapo waliojaribu. SoundCloud ilianza Aprili 2021 kuwapa wanamuziki huru fungu linalotokana na wasikilizaji wao wenyewe. Nchini Ufaransa, Kituo cha Taifa cha Muziki kilifanya utafiti mwaka huohuo wa 2021, kikapiga hesabu ya mabadiliko kama hayo: wanamuziki kumi wa juu wangepungukiwa na takriban asilimia 17, na walio chini ya nafasi ya 10,000 wangeongezewa takriban asilimia 5, ongezeko ambalo kwa kila mmoja wao ni euro chache tu kwa mwaka. Mabadiliko hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono. Lakini tusiwadanganye vijana wetu kwamba yatawalipia kodi ya nyumba. Asilimia tano ya kidogo ni kidogo.

2. Muziki unavyolazimishwa kubadilika

Kwenye Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umechezwa baada ya sekunde 30. Kuanzia hapo, wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika kumi na mbili malipo yao ni yaleyale.

Sasa tuutazame muziki wetu. Taarab ya Unguja hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu: fidla, ganuni, nai na udi vinapeana nafasi, mpaka ukumbi utulie. Hata ndani ya wimbo wenyewe, ala hutangulia kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sekunde 30 zikipita, fidla ndiyo kwanza inaingia. Muziki wa dansi nao una mpangilio wake: kwanza mwimbaji anasimulia kisa taratibu, kisha magitaa yanachukua usukani na chemko linaanza, watu wanaingia uwanjani. Ukikata wimbo kabla ya chemko, umeukata kiungo.

Sisemi kwamba wimbo mfupi ni duni. Bongo Fleva ina nyimbo fupi zilizotungwa kwa ustadi mkubwa. Ninachosema ni kwamba malipo yanayopuuza urefu wa wimbo, idadi ya wapigaji na subira ya msikilizaji yanaelekeza muziki upande mmoja. Mwanamuziki mwenye njaa ataelekea huko, na hatuwezi kumlaumu. Tutakaobaki bila bashraf ni sisi.

3. Tulikotoka

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Sahani zile zilisambaa pwani nzima, na biashara ya kuziuza ilikuwa ya kampuni. Baada ya uhuru, bendi zetu ziliajiriwa na taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Mlimani Park ya shirika la DDC. Wanamuziki walipokea mshahara, wakarekodi Radio Tanzania. Nyimbo zao zikapigwa miaka nenda miaka rudi, lakini kila zilipopigwa hawakupata mirabaha ya kuwatosha uzeeni. Kisha zikaja kanda, na wasambazaji wa Kariakoo walionunua albamu kwa mkupuo. Tangu hapo msanii hakujua tena ziliuzwa nakala ngapi.

Katika vipindi vyote hivyo, njia moja haikumpitisha mwanamuziki kwa mtu wa kati. Nendeni kwenye onyesho la taarab. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaomgusa mwanamke mmoja aliyeketi safu ya tatu. Mwanamke anainuka, noti mkononi, anakwenda mbele kwa madaha akifuata mdundo, anamtuza mwimbaji, kisha anarudi polepole ili kila mtu aone. Mwimbaji anamjua aliyemtuza, aliyetuza anajua kwa nini ametoa, na ukumbi mzima umeelewa ubeti ulimlenga nani. Mcheza kwao hutuzwa: wahenga walishaona kwamba malipo yana makao yake.

Najua hatari ya njia hiyo. Bendi za dansi za Dar es Salaam zilipoanza kuwategemea mapedeshee, nyimbo zilijaa majina ya matajiri hadi kisa chenyewe kikakosa nafasi. Mtoaji mkubwa mmoja huugeuza wimbo kuwa wake. Dawa ya hilo ni watoaji wengi wa kiasi kidogo, ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kumwamuru mtunzi.

Na utoaji wa namna hiyo unawezekana mtandaoni. Tarehe 20 Machi 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona, duka la muziki la Bandcamp liliacha kuchukua fungu lake kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali. Siku ile wasikilizaji walinunua muziki na bidhaa za dola milioni 4.3. Walikuwa watu walioamua kumnunulia mwanamuziki wanayemjua kwa jina.

Kwa mwanamuziki wa Tanzania mlango huo umekuwa nusu wazi. Bandcamp imekuwa ikiwalipa wanamuziki kupitia PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa hapa imeweza kutuma fedha na si kupokea. Ilhali M-Pesa imekuwapo Kenya tangu 2007 na kwetu tangu 2008, na muuza nyanya anapokea malipo kwa simu bila shida. Wataalamu wetu wa kompyuta walioko ukumbini, kazi hii inawasubiri: duka la muziki ambapo bibi wa Ng'ambo anamtumia mwimbaji wake shilingi 1,000 moja kwa moja, anapata wimbo, na mwimbaji anaona nani amemtuza.

4. Tunachopaswa kufanya

Kwanza, sheria itamke mgawanyo. Kenya imeonyesha njia katika nyimbo za miito ya simu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka bayana kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Malalamiko ya wasanii wa Kenya yalikuwa ya miaka mingi, na Bunge likajibu kwa tarakimu. Nasi tunaweza.

Pili, mirabaha ya redio, televisheni, hoteli na kumbi ikusanywe kwa bidii na igawanywe kwa uwazi. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999 na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Kila redio itoe orodha kamili ya nyimbo ilizopiga. Bila orodha, mgawanyo unabaki wa kukisia, na anayekisiwa kidogo daima ni yule asiye na jina.

Tatu, wanamuziki waandikiane. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M., ukazunguka dunia. Hadi leo watu wanabishana nani aliutunga, na wahusika wakuu wameshafariki. Siku ya kurekodi, kabla watu hawajatawanyika, andikeni kwenye karatasi: nani ametunga maneno, nani ametengeneza biti, nani amepiga gitaa, nani ameitikia, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wekeni sahihi. Aibu ya dakika kumi inaokoa ugomvi wa miaka arobaini.

Nne, taasisi zianze na zenyewe. Kila mahafali, kila kongamano na kila ugeni rasmi huletwa wanamuziki, na mara nyingi wanalipwa soda na nauli. Naomba chuo hiki kiweke kanuni: hakuna mwanamuziki atakayepanda jukwaani kwetu bila mkataba na malipo yaliyokubaliwa. Maktaba yetu nayo inunue rekodi za wanamuziki huru kama inavyonunua vitabu.

Tano, ni sisi wasikilizaji. Mtafute mwanamuziki mmoja ambaye wimbo wake umekusaidia kupita siku ngumu. Mnunulie kazi yake, lipa kiingilio chake, mtumie chochote, kisha mwambie ni nani aliyemtumia. Jukwaa liendelee kumtangaza. Chakula chake kitoke kwetu tunaomjua. Watu 500 wa namna hiyo, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, wanampa shilingi milioni moja. Watu 500 wanaenea katika ukumbi huu na veranda zake.